Miti ya Kigeni na Baridi ya Bule

Watu wa Bule, sikieni. Mikaratusi asili yake ni Australia. Majani ya mti mkubwa yananing'inia, hata jua la adhuhuri haliyapigi usoni; kwa hiyo hayakauki upesi. Mizizi yake yafuata maji mbali, na mti hunywa mwaka mzima.

Tena mbegu si sawa zote. Mbegu ya mti wa milimani huvumilia baridi. Mbegu ya nchi ya joto yafaa chini, kando ya Ziwa Albert, lakini huku juu hudumaa. Ulizeni kwanza: mbegu hii imetoka wapi?

Kuni na nguzo za nyumba twazihitaji. Lakini msipande mikaratusi karibu na chemchemi, itakunywa maji ya watoto wenu. Ipandeni juu kilimani.