Binti wa Kisiwani na Muziki wa Senema

Tarehe 9 Februari 2020, Bibi Hildur Guðnadóttir alipanda jukwaani mjini Los Angeles kupokea tuzo ya Oscar kwa muziki alioitungia senema iitwayo "Joker". Hakuna mwana wa Iceland aliyewahi kuipata tuzo hiyo kabla yake. Nchi yake ni kisiwa cha watu wasiotimia laki nne. Sisi Wazanzibari, kwa sensa ya 2022, tumekaribia milioni moja na laki tisa.

Wengi walimdhania nyota iliyochomoza ghafla. Haikuwa hivyo. Bibi huyo, aliyezaliwa mwaka 1982, alianza kujifunza selo akiwa na umri wa miaka mitano, na kwa muda mrefu alikuwa mpigaji katika kazi za wenziwe, hasa za marehemu Jóhann Jóhannsson, mtungaji wa Iceland aliyefariki mwaka 2018. Selo yake yasikika katika "Sicario" ya mwaka 2015, ingawa sifa ya utungaji ilikuwa ya Jóhann. Huo ndio uanagenzi, na vijana wetu wenye haraka ya jina yafaa wautazame.

Alipopewa mchezo wa televisheni "Chernobyl", uliotoka mwaka 2019, hakukimbilia ala. Aliingia katika kinu cha nyuklia cha Ignalina, Lithuania, kilichokwisha kuzimwa, akanasa milio ya mapampu, milango na vyumba vitupu, kisha akaisarifu kuwa muziki pamoja na sauti yake mwenyewe. Kwa "Joker" alianza kutunga kabla ya kamera kufunguliwa, kwa kuusoma mchezo tu. Na ile ngoma ya msalani, mchezaji Joaquin Phoenix aliicheza akiusikiliza muziki huo.

Kipaji ni chake. Lakini huko kwao shule za muziki zimefika hata miji midogo ya wavuvi, na mishahara ya walimu hutoka katika fedha za umma, hasa za serikali za mitaa. Hapa petu, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002, kilitangaza mwishoni mwa 2019 kwamba huenda kikafunga milango kwa ukata, maana wanafunzi wengi hawakumudu ada.

Twawaomba wahusika walifikirie jambo hili katika bajeti ijayo: mishahara ya walimu wachache wa fidla, udi na kanuni, wapangiwe wilayani, na Pemba isiachwe mwisho.