Milioni Moja Wanaosubiri Kuvuka Mombasa

Mombasa husifiwa kama jiji la kisiwani, lakini wakazi wake wengi hawalali kisiwani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti nzima. Mvita, ambayo ndiyo kisiwa chenyewe, ilikuwa na 154,171 pekee. Waliobaki, zaidi ya milioni moja, wako upande wa bara: Kisauni 291,930, Likoni 250,358, na wengine Nyali, Jomvu na Changamwe. Ofisi za serikali, benki kubwa, soko la Marikiti na hospitali kuu ya rufaa ya Pwani viko kisiwani. Kila alfajiri wengi wao huingia mjini kwa daraja la Nyali, kwa Makupa au kwa feri ya Likoni, na jioni hurudi kwa njia zizo hizo.

Wa Likoni ndio wenye mtihani mkubwa zaidi. Mlango wa bahari pale una upana wa kama nusu kilomita, na feri ikishang'oa nanga huvuka kwa dakika chache. Kinachomaliza saa za watu ni kungoja. Feri moja ikiharibika, foleni ya magari hujaa barabara na watu hubanana kwenye banda la kusubiri hadi hewa inakuwa nzito. Tena mlango huo ndio njia ya meli za bandari ya Kilindini. Meli ikiingia, feri hutulia, na aliyechelewa kazini hana wa kumlalamikia. Wasimamizi wa kivuko kwa miaka wametaja watu wapatao 300,000 na magari 6,000 kwa siku. Waendao kwa miguu hawalipi, na hilo ni jambo jema lisiloguswa. Lakini usafiri wa bure nao una gharama yake.

Mfikirie mama mboga wa Likoni. Soko la jumla analolitegemea ni Kongowea, upande wa pili kabisa. Inambidi avuke kwa feri, apande matatu kukipita kisiwa chote, avuke tena daraja la Nyali, kisha arudi na magunia. Anamlipa mwenye mkokoteni, anamlipa makanga nauli ya mzigo, na mvua ikinyesha au jioni ikiingia nauli hupandishwa pale pale stejini. Bei ya sukuma wiki Likoni imebeba safari hiyo yote.

Na kuna gharama ambayo hailipiki. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na ufuo ikiwa imepakia kupita kiasi. Watu 272 walikufa, wengi wao wakiwa njiani kwenda kazini. Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee katikati ya kivuko likiwa na mama na bintiye mdogo, na nchi nzima ilingoja karibu majuma mawili kabla ya miili yao kutolewa majini. Miezi sita baadaye, jioni ya 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya korona, polisi waliwapiga kwa virungu na kuwarushia vitoa machozi watu waliokuwa wakisubiri feri wawahi nyumbani. Walikuwa wamekatazwa kuwa nje usiku, na njia ya kurudi ndani ilikuwa feri hiyo hiyo. Sijaona siku iliyoonyesha wazi zaidi kwamba wanaoamua mambo ya jiji hili hawaishi ng'ambo.

Miradi haikukosekana. Mwishoni mwa 2020 waendao kwa miguu walipata daraja linaloelea la Liwatoni, lililogharimu takriban shilingi bilioni 1.9, nalo lilibidi lifunguliwe katikati kila meli ilipohitaji kupita. Barabara ya Dongo Kundu sasa inaunganisha Miritini na Kibundani bila kupitia kisiwani, na imewafaa sana wenye magari, malori na watalii wa Diani. Anayetoka Shelly Beach, Likoni, kwenda kazini Mwembe Tayari kisiwani haimsaidii. Ni kuzunguka mbali mno. Daraja kubwa la kudumu la Likoni, lile ambalo Japani iliahidi kulifadhili, tumeonyeshwa michoro yake kwa miaka. Hata njia ya Mtongwe, iliyofunguliwa tena 2017 ili kupunguza msongamano, haikuachwa ifanye kazi bila kukatizwa.

Kisauni wana daraja la Nyali, ila daraja hilo ni la 1980. Lilichukua nafasi ya lile lililokuwa likielea tangu 1931, na wakati huo Bamburi na Kiembeni hazikuwa zimejaa nyumba kama leo. Sasa magari yote ya Kisauni, Nyali, Mtwapa na Kilifi yanakutana hapo. Matatu nyingi zikiona foleni hugeuzia njiani, na abiria aliyelipa kufika mwisho anateremshwa, akamalizie kwa tuktuk au bodaboda kwa nauli nyingine.

Changamwe wao wanagombania barabara na malori ya makontena. Daraja jipya la Makupa, lililofunguliwa 2022, limerudisha mkondo wa maji ya bahari na kurahisisha mwendo, lakini atembeaye kando ya barabara Magongo au Chaani bado anakwepa magurudumu yanayomzidi kimo.

Ukiitazama miradi hii pamoja, karibu yote imepimwa kwa mizigo na magari. Wengi wa jiji hili wanatembea, wanapanda matatu na wanavuka kwa feri. Halmashauri ya Bandari, iliyokabidhiwa kivuko, na serikali ya kaunti zinaweza kuanza na yasiyohitaji mabilioni: feri za kutosha wakati wa alfajiri na jioni, taarifa ya mapema feri inapotolewa kwa matengenezo, huduma ya kudumu Mtongwe, na njia salama za miguu Changamwe na Kisauni. Na kuhusu daraja la Likoni, serikali ya kitaifa iwaambie wananchi waziwazi: fedha ziko au haziko, na ujenzi unaanza lini. Watu wa Likoni wanastahili jibu hilo kabla ya uchaguzi mwingine kuja na michoro mipya.