Pesa ya Staji ya Ulaya: Ni Nani Anayeiomba?

Sisi tunaosoma lugha pale Kasapa tuna kazi moja isiyoandikwa katika ratiba. Binamu, jirani au rafiki wa rafiki anakuja na karatasi na kusema: "Wewe wa lugha, niandikie barua nzuri ya Kifaransa, niko nalomba staji ya Bulaya." Mmoja anasoma umeme katika shule ya ufundi, mwingine amemaliza ushonaji, wa tatu ni mwenzetu wa chuo kikuu. Wapo waliokwisha kumlipa mtu dola kadhaa ili awape "fomu ya Erasmus". Nimesoma barua nyingi za namna hiyo, nikazilinganisha na Mwongozo wa programu ya Erasmus+ unaotolewa kila mwaka na Tume ya Ulaya. Kifaransa chake mara nyingi si kibaya. Shida ni kwamba barua inatumwa na mtu ambaye kanuni hazimruhusu kuomba.

Hilo ndilo ninalotaka kulieleza hapa. Pesa ya Umoja wa Ulaya kwa ajili ya staji, karibu yote, haiombwi na mtu binafsi. Inaombwa na taasisi, na mtu anachaguliwa baadaye na taasisi yake. Asiyejua jambo hili atapoteza miezi, na pengine pesa za wazazi, akibisha hodi kwenye ukuta usio na mlango.

Programu ilivyojengwa

Erasmus ilianza mwaka 1987 kwa wanafunzi 3,244 kutoka nchi 11 za Ulaya. Ilikuwa ya vyuo vikuu tu. Mafunzo ya ufundi yalipata programu yake katikati ya miaka ya 1990, iliyoitwa Leonardo da Vinci, na kazi yake mojawapo ilikuwa kumpeleka kijana wa ufundi kufanya staji katika nchi nyingine ya Ulaya. Mwaka 2014 programu hizo pamoja na nyingine ziliunganishwa chini ya jina moja, Erasmus+. Awamu ya sasa ni ya 2021 hadi 2027, na bajeti yake inakadiriwa kuwa euro bilioni 26.2.

Hesabu hiyo ndiyo inayowavuta watu. Lakini sehemu kubwa ya pesa hiyo inazunguka kati ya nchi za Ulaya zenyewe. Nchi nyingine za dunia zimegawanywa katika maeneo, na Kongo yetu imo katika Eneo la 9, yaani Afrika kusini mwa Sahara. Kwa nchi za eneo hili kuna milango michache, na kila mlango una kanuni zake.

Milango mitatu

Mlango wa kwanza ni ule ambao jina lake linawadanganya wengi: safari za wanafunzi wa mafunzo ya ufundi. Anayeomba ni shule, kampuni au taasisi ya Ulaya, na anayesafiri ni mwanafunzi aliyeandikishwa katika shule ya huko. Kanuni zinaruhusu sehemu ya pesa hiyo itumike kumpeleka kijana wa Ulaya nje ya Ulaya. Kwa hiyo fundi mwanafunzi wa Ubelgiji anaweza kuja kufanya staji katika karakana ya Lubumbashi, lakini mwanafunzi wa Cité des Jeunes ya Wasalesiani au wa INPP hawezi kupita mlango huohuo kwenda kwao. Tunaweza kuona kwamba si haki, na mimi naona hivyo. Lakini kuandika barua hakubadilishi kanuni.

Mlango wa pili ni wa vyuo vikuu na vyuo vya juu. Hapa mwanafunzi wa Kongo anaweza kusafiri, kwa masomo au kwa staji katika kampuni, kwa muda wa miezi 2 hadi 12. Anapata pesa ya maisha ya kila mwezi, ambayo katika awamu hii imepangwa kati ya euro 800 na 900 kulingana na nchi anayokwenda, pamoja na msaada wa safari unaohesabiwa kwa umbali. Halipi ada ya masomo katika chuo kinachompokea. Walimu na wafanyakazi nao wanaweza kwenda kufundisha au kujifunza kwa muda mfupi. Hata hivyo, anayejaza fomu ni chuo cha Ulaya, na anaipeleka kwa wakala wa taifa lake. Chuo chetu ni mshirika. Kati ya vyuo viwili lazima kuwe na mkataba uliotiwa saini, unaosema ni wanafunzi wangapi, wa fani zipi, watachaguliwa namna gani.

Mlango wa tatu ni wa kuimarisha uwezo wa mafunzo ya ufundi. Huu ulifunguliwa katika awamu hii, na unazihusu taasisi za ufundi za kwetu moja kwa moja. Si pesa ya kumsafirisha mtu mmoja. Ni mradi wa mwaka 1 hadi 3, wenye ruzuku ya euro 100,000 hadi 400,000, ambamo taasisi zisizopungua 4 kutoka nchi zisizopungua 3 zinafanya kazi pamoja: kurekebisha mitaala, kuwafundisha walimu, kuikaribisha kampuni shuleni. Mradi unapewa alama juu ya 100, na usiofikisha 60 hauendelei.

Nje ya milango hii mitatu, ipo njia ambayo mtu anaiomba mwenyewe: shahada za uzamili za Erasmus Mundus, zenye msaada wa euro 1,400 kwa mwezi. Mwanafunzi anaandika moja kwa moja kwa kundi la vyuo linaloendesha shahada hiyo, mara nyingi kati ya Oktoba na Januari. Ni njia nzuri, lakini ni kwa mwenye digrii. Kwa fundi wa umeme mwenye diploma ya serikali haimsaidii.

Yote haya yana jambo moja la pamoja: fomu za Umoja wa Ulaya haziuzwi. Zinajazwa bure kwenye intaneti. Anayekuuzia fomu anakuuzia karatasi.

Neno lenyewe linatupoteza

Kama watu wa lugha, tuangalie pia neno tunalolitumia. Kiswahili kina kitenzi kimoja, kuomba, na hapa kwetu kulomba. Unamwomba Mungu, unaomba radhi, unaomba maji kwa jirani, unaomba kazi kampunini. Katika maombi haya yote mwombaji yuko chini na mpaji yuko juu, na adabu inamtaka mwombaji aeleze shida yake. Ndiyo maana barua ninazoziona zinaanza na baba aliyefariki, wadogo sita nyumbani, na ukosefu wa kazi mjini. Shida hizo ni za kweli.

Lakini fomu haiulizi shida ya mwombaji. Inauliza maswali mengine: Ni haja gani ya mafunzo mmeiona, na mmeionaje? Mtafanya nini, mwezi gani, na nani atawajibika? Kila mshirika analeta nini? Baada ya pesa kwisha, kitabaki nini? Haya si maswali ya kuomba. Ni ya kuahidi, na ahadi inapimwa. Mtu akisema "tunaomba mtusaidie vijana wetu wapate maarifa ya kisasa", msomaji wa fomu hana cha kupima. Akisema "wanafunzi wanne wa mwaka wa mwisho watafanya miezi mitatu katika karakana, watajifunza kupima na kutengeneza mota za umeme, mwalimu mmoja wa kwetu na msimamizi mmoja wa kwao watawatathmini kila mwezi, na staji itahesabiwa katika masomo yao", hapo kuna kitu cha kupima.

Neno staji nalo tuliangalie. Hapa mjini staji mara nyingi ni kukaa katika ofisi, kusainiwa karatasi na kurudi. Katika programu hii staji ina mkataba wa mafunzo unaotiwa saini na watu watatu kabla ya safari: mwanafunzi, chuo kinachomtuma na mahali panapompokea. Mkataba unataja kazi zitakazofanywa, ujuzi utakaopatikana, msimamizi na namna ya kutathmini. Chuo kinachotuma kinaeleza humo jinsi staji itakavyotambuliwa mwanafunzi akirudi. Mfumo wa LMD unarahisisha jambo hili, kwa sababu mwaka wa masomo una krediti 60 kwetu kama ulivyo na krediti 60 kwao. Lakini lazima mtu akae na kuandika ni krediti ngapi zinaingia katika kozi ipi.

Kalenda na mfuko

Mambo mawili ya vitendo yanawashangaza wengi. La kwanza ni muda. Mwongozo mpya hutoka kwa kawaida mwishoni mwa mwaka, na fomu za vyuo vikuu hufungwa kwa kawaida mwezi wa Februari. Majibu yanakuja miezi baadaye, halafu mikataba, halafu kuchagua wanafunzi, halafu visa. Anayeanza kuzungumza na mshirika leo anamtengenezea nafasi mwanafunzi ambaye sasa yuko mwaka wa kwanza. Miradi hii ya vyuo vikuu inadumu miezi 24 au 36, kwa hiyo kazi iliyofanywa vizuri mara moja inahudumia vikundi kadhaa.

La pili ni pesa inayohitajika kabla ya pesa. Kutoka Lubumbashi hadi Brussels kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 7,300. Paspoti, visa na tiketi vinalipwa kabla ya mwanafunzi kuona euro ya kwanza, kama hakuna aliyepanga vingine. Visa ya muda mfupi ya Schengen hairuhusu zaidi ya siku 90, kwa hiyo staji ya miezi minne inahitaji visa ya muda mrefu ya nchi husika, yenye karatasi nyingi zaidi. Mambo haya yaandikwe katika makubaliano ya vyuo: nani ananunua tiketi, na pesa ya mwezi wa kwanza inatolewa lini. Yasipoandikwa, atasafiri mtoto wa mwenye uwezo tu, hata kama mwingine alichaguliwa kwa haki.

Kinachoweza kufanywa hapa

Lubumbashi si mji usio na desturi ya ufundi. Wasalesiani walifika Élisabethville mwaka 1911, na shule za ufundi ni sehemu ya kazi waliyoianzisha. INPP ilianzishwa nchini mwaka 1964 na ina tawi hapa. Migodi na reli zimewafundisha mafundi kwa vizazi vingi. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuiweka kazi hiyo katika sentensi ambazo mshirika wa mbali anaweza kuzielewa na kuziamini. Hiyo ni kazi yetu.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, kitivo kiwe na orodha iliyo wazi ya mikataba ambayo chuo chetu kinayo na vyuo vya Ulaya, ibandikwe mahali wanafunzi wanaiona, ikitaja mwalimu anayeifuatilia kila mmoja. Pili, wanafunzi wa mwaka wa mwisho, wakisimamiwa na mwalimu, wakae na walimu wa shule moja ya ufundi ya mjini na kuandika kurasa mbili kwa Kifaransa na Kiingereza: shule inafundisha nini, ina vifaa gani, wahitimu wake wanafanya kazi wapi, na inatafuta mshirika wa aina gani. Kurasa hizo ndizo hatua ya kwanza ya kuingia katika mradi wa mlango wa tatu, kwa sababu mshirika wa Ulaya anayetafuta taasisi katika Eneo la 9 hawezi kuichagua shule asiyoijua. Tatu, kazi hiyo ihesabiwe kama zoezi la kozi ya tafsiri au ya uandishi, ili isibaki hisani ya watu wachache.

Walimu wetu wakikubali, kurasa za shule ya kwanza zinaweza kuwa tayari kabla ya Mwongozo ujao kutoka.