Kabla ya Kununua RUF CTR, Soma Chasisi

Anayefikiria kununua RUF CTR ya miaka ya 1980 asianze na rangi yake wala mngurumo wa injini. Aanze na namba ya chasisi. Ikiwa inaanza na WP0, gari lilitoka kiwandani Porsche likiwa 911 kamili, kisha mwenyewe akalipeleka kwa RUF likaongezewa nguvu. Ikiwa inaanza na W09, RUF walilijenga wenyewe kuanzia bodi tupu waliyoichukua Porsche bila namba. Haya ya pili yalijengwa 29 tu. Machi 2025 mojawapo, la aina nyepesi, liliuzwa mnadani Amelia Island, Florida, kwa zaidi ya dola milioni 6.

RUF ni gereji ya Pfaffenhausen, mji mdogo wa Bavaria, iliyofunguliwa mwaka 1939. Alois Ruf mdogo aliirithi kwa baba yake mwaka 1974, na mwaka 1981 serikali ya Ujerumani ikaitambua kuwa kampuni inayotengeneza magari. Gereji nyingi za kuongeza nguvu huishia kubadilisha gari la mwenzao. Hawa walipata haki ya kulisajili kwa jina lao.

Na CTR inaonyesha kuwa kazi yao ilistahili haki hiyo. Porsche 911 Turbo ya wakati ule ilikuwa na nguvu farasi 300 na gia nne, na bodi yake ilikuwa pana nyuma. RUF walichagua bodi nyembamba ya Carrera ya kawaida, kwa sababu bodi nyembamba hukata upepo vizuri zaidi. Injini ya silinda sita wakaipanua hadi lita 3.4 na kuifunga turbo mbili, kila moja ikihudumia silinda tatu. Turbo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nayo husukuma hewa nyingi zaidi ndani ili mafuta mengi zaidi yaungue. Matokeo yalikuwa nguvu farasi 469 katika gari lenye uzito wa kilo 1,150 hivi. Gia boksi yenye gia tano waliibuni wao, maana ile ya gia nne haikuwafaa.

Mwaka 1987 jarida la Road & Track liliyakusanya magari yenye kasi kubwa katika uwanja wa Volkswagen wa Ehra-Lessien, na miongoni mwa walioyaendesha walikuwemo madereva wa mbio Phil Hill na Paul Frère. CTR ya njano ilifika kilomita 339 kwa saa, ikaziacha Ferrari Testarossa na hata Porsche 959. Hapo ndipo ilipopata jina la Yellowbird.

Sasa turudi kwa mnunuzi. Alama ya W09 hutumiwa na watengenezaji wadogo wengi wa Ujerumani, kwa hiyo haitoshi kusoma mwanzo tu. Herufi na tarakimu za nafasi ya 12 hadi ya 14 ndizo humtaja mtengenezaji. Kisha inama ukague paa, juu ya mlango. Kwenye 911 ya kawaida utaona kijifereji cha kuzuia maji ya mvua. Kwenye CTR nyepesi kilikatwa na mahali pake pakalainishwa ili upepo upite. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa laini, uiweke mlangoni. Ikinasa, mlango ni chuma. Isiponasa, huenda ni alumini, iliyotumiwa kupunguza uzito. Lakini wateja hawakuagiza magari yanayofanana, hivyo mlango wa chuma peke yake hautoshi kusema gari ni la bandia. Linganisha ulichokiona na karatasi za oda: namba ya injini, ya gia boksi, rangi ya awali.

Kwa maoni yangu, gari la WP0 lililobadilishwa Pfaffenhausen ni gari zuri na lina heshima yake, mradi liuzwe kwa jina lake na kwa bei yake. Tatizo ni lile lililofungwa vipuri vya RUF kwenye gereji nyingine na sasa linauzwa kwa bei ya CTR. Kiwanda cha Pfaffenhausen bado kinafanya kazi. Waandikie uwape namba, kabla hujaweka hata senti ya amana.