Herufi tatu za mufuko wa mbolea: koperative inalipia nini?

Ndugu wakulima, mbele koperative itoe feza ya mbolea, geuzeni mufuko musome. Mutaona N, P, K na hesabu kama 17-17-17. Herufi hizo ni alama za elementi, zile za jedwali ambalo Mrusi Dmitri Mendeleev alipanga mwaka 1869. Leo jedwali lina elementi 118. Kila moja iko na tabia yake, na mumea ukikosa moja, ingine haiwezi kushika nafasi yake.

N ni azoti (wengine wanaita nitrojeni). Inakuza majani. Ikikosekana, majani ya chini ya muhindi yanageuka manjano kuanzia nchani, kufuata katikati ya jani. Mvua kubwa inaibeba chini ya mizizi, ndiyo maana tunaitia mara mbili, kidogo kidogo.

P ni fosfora, ya mizizi na mbegu. Muhindi mudogo ukiikosa, majani yanapata rangi ya violeti. Yenyewe haitembei sana: kwenye udongo mwekundu wenye uchachu, chuma na aluminiamu vinaikamata. Tuitie wakati wa kupanda, karibu na mbegu lakini isiiguse.

K ni potasi. Herufi inatoka kwa jina la Kilatini, kalium. Ikikosekana, kando za majani ya chini zinakauka kama zimeungua. Majivu ya jiko yana potasi, lakini azoti yake ilikwenda na moshi.

Sasa hesabu. Mufuko wa kilo 50 wa 17-17-17 una kilo 8,5 za azoti. Ule wa urea, 46-0-0, una kilo 23 za azoti, lakini fosfora na potasi hakuna. DAP, 18-46-0, ina fosfora nyingi, potasi hapana.

Kwa hiyo, kama shamba la maharagi linakosa fosfora, kununua urea ni kutupa feza. Tena maharagi yanapata azoti ya hewa kwa musaada wa bakteria za mizizi. Ngoeni muti mumoja, mukate vile vinundu: vikiwa vyekundu ndani, kazi inaendelea.

Kwenye mukutano wa kununua mbolea, kila mutu alete majani ya chini ya shamba lake. Tuyaangalie pamoja, kisha tuchague mufuko.