Tanakali za Sauti: Somo Kutoka Osaka

Wanafunzi wetu wengi huzijua tanakali za sauti kama swali la mtihani tu: taja mbili, zitungie sentensi, endelea. Kazi yake halisi huonekana anapokuwapo mtoto mdogo. Sisi tuliiona Osaka, mji wa Japani ambao chuo kikuu chake hufundisha Kiswahili, tulipomtembeza mwana wetu wa miaka 2.

Matembezi yenyewe hayana taabu. Mtoto wa umri huo halipi nauli ya treni ya chini ya ardhi akiwa na mzazi, na stesheni zina lifti za kuteremshia kigari chake. Tulishuka Osakako, tukaenda kwa miguu hadi Kaiyukan, jumba la maonyesho ya samaki lililofunguliwa mwaka 1990. Mgeni hupandishwa kwanza hadi ghorofa ya 8, kisha huteremka akilizunguka tangi kubwa lenye kina cha mita 9. Humo huogelea papa potwe, yule yule anayeonekana baharini Kisiwa cha Mafia, Tanzania.

Lakini masikio yetu yalikuwa kwa wazazi waliosimama karibu nasi. Samaki akipita kwa ulaini, mzazi humwambia mwanawe *suisui*. Kitu kikitumbukia majini ni *zabun*. Mtoto akitafuna ni *mogumogu*, na mbwa wa njiani ni *wanwan*. Wajapani huyagawa maneno haya: *giongo* huiga sauti, na *gitaigo* huchora hali isiyo na sauti. Wala si ya kitoto tu. Mgonjwa mzima humweleza daktari kwamba kichwa kinamuuma *zukizuki*, yaani kwa kupwita, au ngozi inamchoma *chikuchiku*, na daktari humwelewa.

Mgawanyo huo unatufaa hata sisi. *Chubwi* na *pu* huiga sauti. Lakini *jii* katika "kimya jii", *ndi* katika "funga ndi" na *pepepe* katika "nyeupe pepepe" zinaiga sauti gani? Nyeupe haisikiki. Vitabu vingi vya shule huziweka zote katika kapu moja la "sauti", na mwanafunzi makini ana haki ya kuuliza.

Jioni mtoto alichoka, akalia ndani ya treni. Tulimbembeleza kwa sentensi zetu sanifu, zenye upatanisho wa kisarugi usio na dosari, asitulie. Bi kizee aliyeketi mkabala akamwinamia, akatikisa kichwa kwa mwendo wa magurudumu: *gatan goton, gatan goton*. Mtoto akanyamaza, kisha akajaribu kuyatamka.

Jambo hilo linatugusa hapa Uganda, ambako wengi wetu tulikipata Kiswahili dawatini. Mhitimu wetu anaweza kuchambua ngeli zote, lakini akipata mtoto atambembeleza kwa lugha nyingine, na Kiswahili kitabaki shuleni.

Muhula huu tunajaribu zoezi moja katika mwaka wa kwanza. Mwanafunzi hupewa picha ya mtoto anayekula, anayeoga au anayeanguka, kisha humsimulia mwenzake kana kwamba anazungumza na mtoto huyo: maji chubwi, kikombe pu, kalala fofofo. Wanaume hucheka kwanza. Kufikia wiki ya tatu hushindana.