Ruzuku Imetolewa, Mbona Bei Haijashuka?

Katika jumuiya zetu ndogondogo, sala inapokwisha na watu wakabaki uani kuzungumza, mazungumzo huishia kwenye bei. Mama mmoja atataja mafuta ya kula, mwingine nauli, na mzee atauliza swali ambalo tumelisikia mara nyingi: "Serikali imesema imetoa mabilioni ya ruzuku. Mbona dukani sioni tofauti?"

Swali hilo ni la haki. Katika makala hii tunajaribu kulijibu kwa kuangalia hatua ambazo serikali huchukua bei zinapopanda, tukitumia mfano wa mwaka 2022 hapa Tanzania na kwa jirani zetu Kenya. Tukielewa kila hatua inamfikia nani, tutajua pia tuulize nini hatua nyingine itakapotangazwa.

Mfumuko wa bei ni nini?

Mfumuko wa bei ni kasi ya bei kupanda. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hufuatilia kapu la bidhaa na huduma ambazo kaya hununua, kisha hulinganisha gharama ya kapu hilo mwezi huu na mwezi kama huo mwaka uliopita. Kwa hiyo mfumuko ukishuka kutoka asilimia 5 hadi 3, bei hazijashuka. Zinaendelea kupanda, ila polepole zaidi. Watu wengi hukwazwa hapa: wanasikia redioni kwamba mfumuko umepungua, wanakwenda sokoni na kukuta bei ileile ya juu, wanadhani wamedanganywa.

Jambo la pili ni kwamba kapu la taifa si kapu la kila nyumba. Mwaka 2022 wastani wa mfumuko wa bei Tanzania ulikuwa asilimia 4.3, kiwango kidogo ukilinganisha na nchi nyingi. Lakini bei za vyakula zilipanda kwa kasi kubwa kuliko wastani huo. Kaya maskini hutumia sehemu kubwa ya fedha zake kwa chakula, kwa hiyo ugumu iliousikia ulikuwa mkubwa kuliko namba ya taifa ilivyoonyesha.

Chanzo kinajulikana. Vita vya Ukraine vilivyoanza Februari 2022 vilipandisha bei za mafuta, ngano na mbolea duniani, wakati gharama za usafirishaji zilikuwa bado juu baada ya janga la UVIKO-19. Hapa nyumbani mvua nazo hazikuwa nzuri maeneo mengi.

Ruzuku ya mafuta

Mei 2022 serikali ilitangaza shilingi bilioni 100 za ruzuku ya mafuta kuanzia Juni, fedha zilizoelezwa kuwa zimetokana na kubana matumizi ya serikali. Ruzuku iliendelea miezi iliyofuata. Bei kikomo ya petroli Dar es Salaam, ambayo EWURA huitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, ilishuka kutoka shilingi 3,148 kwa lita mwezi Mei hadi 2,994 mwezi Juni.

Baadaye bei ilipanda tena ingawa ruzuku ilikuwapo, na hapa ndipo swali la yule mzee linapopata jibu lake la kwanza. Tuchukue mfano wa hesabu. Bei ya soko la dunia ikiongeza shilingi 500 kwa lita, na ruzuku ikaondoa 300, mwenye pikipiki ataona nyongeza ya 200. Ruzuku imefanya kazi, lakini yeye anaona kupanda tu, kwa sababu ile nyongeza iliyozuiwa haionekani kwenye pampu.

Jibu la pili ni zito zaidi. Ruzuku ya mafuta humfaidisha kila mtu kwa kadiri ya lita anazonunua. Mwenye gari kubwa anayejaza lita 60 anapata unafuu wa lita 60. Bibi wa kijijini anapata unafuu wake kwa mzunguko, kupitia nauli na gharama ya kusafirisha unga, kama wenye magari na wafanyabiashara watapunguza. Na mara nyingi hawapunguzi. Mei 2022 nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipandishwa rasmi kutoka shilingi 400 hadi 500. Petroli iliposhuka Juni, nauli haikurudi 400.

Hii haina maana kwamba ruzuku ile ilikuwa kosa. Mafuta yanapopanda ghafla, kila kitu hufuata, na ruzuku ni dawa inayoweza kutolewa haraka. Lakini ni dawa ya gharama kubwa, na sehemu kubwa yake inakwenda kwa asiye mgonjwa.

Unga wa shilingi 100

Kenya ilijaribu kupunguza moja kwa moja bei ya chakula. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti 9, serikali ilitangaza kwamba pakiti ya kilo 2 ya unga wa mahindi iuzwe shilingi 100 za Kenya, wakati bei ilikuwa imeshapita 200. Wanunuzi wengi walilalamika kwamba unga wa bei hiyo hawauoni madukani. Rais William Ruto alipoapishwa Septemba 13 alisema ruzuku hiyo ilikuwa imemeza shilingi bilioni 7 kwa mwezi mmoja bila matokeo, na kwamba ruzuku ya mafuta ilikuwa imegharimu bilioni 144. Siku iliyofuata ruzuku ya petroli iliondolewa, na bei Nairobi ikaruka kutoka shilingi 159.12 hadi 179.30 kwa lita.

Kuna mafunzo mawili hapo. Kwanza, kutangaza bei ndogo hakuongezi mahindi ghalani. Bidhaa ikiwa haba, hutoweka au huuzwa kwa mlango wa nyuma. Pili, ruzuku ya matumizi ni rahisi kuianza na chungu kuiondoa, kwa sababu siku inapokoma wananchi hubeba mzigo wote kwa mara moja.

Kumsaidia mkulima azalishe

Njia nyingine ni kuanzia shambani. Agosti 8, 2022, katika Nane Nane ya Mbeya, Tanzania ilizindua ruzuku ya mbolea, ambayo serikali iliitengea shilingi bilioni 150 kwa msimu wa 2022/23. Mfuko wa kilo 50 wa DAP au Urea, uliokuwa umepita shilingi 120,000, ukawa unauzwa karibu 70,000 kwa mkulima aliyesajiliwa na kupewa namba yake. Kenya nayo ilishusha mfuko kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500 za huko.

Ruzuku hii haisaidii chungu cha leo jioni, matunda yake huja wakati wa mavuno. Ila inagusa chanzo chenyewe, yaani uhaba wa chakula. Udhaifu wake ulionekana kwenye ufikishaji: wapo wakulima waliolazimika kusafiri hadi mjini kwa wakala, wakalala huko kusubiri zamu, na nauli na mzigo vikala sehemu ya unafuu. Na ambaye hakujisajili hakupata kitu.

Mishahara, ada na fedha taslimu

Mwaka huohuo serikali ya Tanzania iliongeza kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kwa asilimia 23.3, na katika bajeti ya 2022/23 ikafuta ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali. Kwa familia yenye mtoto sekondari, kufutwa kwa ada ni kama kuongezewa kipato. Nyongeza ya mshahara, hata hivyo, humfikia mwenye ajira rasmi tu. Muuza mbogamboga na kibarua wa shamba hawamo.

Kwa kaya maskini kabisa ipo ruzuku ya fedha taslimu kupitia TASAF, ambayo walengwa wake hutambuliwa kwa kushirikisha mkutano wa kijiji au mtaa. Hapa shilingi ya serikali inakwenda kwa anayeihitaji, naye huamua mwenyewe kama anunue unga, dawa au daftari. Tatizo ni kwamba kiasi kikibaki kilekile wakati bei zinapanda, thamani yake huliwa kila mwezi. Orodha nayo inaweza kumwacha nje mjane anayestahili na kumwingiza mwenye nafasi.

Tuulize nini?

Fedha za ruzuku hutoka kwenye kodi zetu, kwenye mikopo tutakayoilipa sisi na watoto wetu, au kwenye zahanati na barabara iliyosogezwa mbele. Kwa hiyo hatua mpya inapotangazwa, tuiulize maswali matatu. Inamfikia nani, na kwa kiasi gani? Itadumu mpaka lini, na ikikoma nini kitatokea? Imelipiwa kwa kuacha nini?

Kwa maoni yetu, nchi isiyo na fedha nyingi ingefaa kutumia ruzuku ya jumla kama ya mafuta kwa muda mfupi na kwa tarehe ya mwisho inayojulikana, huku uzito ukiwekwa kwenye mbolea na kwenye fedha zinazowafikia walio maskini zaidi.

Ipo pia sehemu inayotuhusu sisi wenyewe. Mkulima ahakikishe amesajiliwa kabla msimu haujaanza. Mkutano wa kijiji unapoitishwa kuhakiki orodha ya kaya, twende, na tuseme kwa sauti jina la jirani aliyesahaulika. Mara nyingi huyo ni mgonjwa au mzee asiyeweza kutembea mpaka mkutanoni, na asipotajwa na sisi, msaada uliotengwa kwa ajili yake utapita mlangoni pake bila kuingia.